Mliniuzia programu au mlinikodisha?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa tatu, na nikilisema dukani naambiwa mzee umezidi kulalamika.

Mi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, bati, saruji, nondo, misumari, rangi, vitu vya kawaida tu. Miaka minne iliyopita alikuja kijana mmoja msafi, kachomekea, ana begi la kompyuta, akanionyesha programu ya kuendesha mauzo na stoo. Ilikuwa nzuri siwezi kukataa, unaandika bati geji 30 futi 10 inakwambia zimebaki ngapi, halafu kulikuwa na sehemu ya madeni na hiyo ndo ilinikamata kabisa, maana mafundi wa huku wanachukua mali leo wanalipa saiti ikilipwa. Bei laki nane na nusu. Nikasita. Akaniambia, "Bosi, hii unalipa mara moja tu, unatumia wewe mpaka wajukuu." Nikatoa hela, nikapewa risiti na kikaratasi chenye namba ya kufungulia, nikakibandika kwa selotepu ndani ya droo ya hela na kipo mpaka leo.

Mwezi wa tatu diski ya kompyuta ikafa. Sishangai, vumbi la saruji lile. Fundi akaweka diski mpya, akarudisha programu, tukaandika namba ile ile herufi kwa herufi, ikazunguka weee, ikaleta maandishi mekundu kwamba imeshindwa kufika kwenye seva, yaani kompyuta ya kule kwenye kampuni inayohakiki ile namba. Tukadhani bando limeisha, tukaweka jingine, maandishi yale yale. Nikapiga simu kwenye kampuni (ya yule kijana haipatikani siku hizi), nikazungushwa weee mpaka akapokea binti mmoja mpole sana, akasema, "Mzee wangu, hilo toleo tulishaliacha tangu mwaka jana na seva yake tumeizima, sasa hivi tuna jipya la mtandaoni, unalipia elfu 45 kwa mwezi." Nikamwambia binti yangu mimi sitaki jipya, nataka langu. Akasema ananielewa. Elfu 45 mara miezi 19 nimeshamaliza laki nane na nusu nyingine, na hapo wajukuu bado hawajazaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni bakapu. Kila Jumamosi jioni nilikuwa nahifadhi kwenye flashi, sikukosa hata wiki ya msiba wa shemeji yangu. Flashi ninayo, faili lipo, fundi kaliona kwa macho yake, ila halifunguki na kitu kingine chochote zaidi ya ile programu yao. Yaani orodha ya wote ninaowadai nimeishika mkononi na siwezi kuisoma.

Sasa mtu asije akaniambia teknolojia inaenda mbele. Najua. Watengeneza programu nao wana watoto wa kusomesha, hawawezi kuhudumia toleo la zamani miaka na miaka bila kulipwa, hilo sina ugomvi nalo. Ila kuacha kuhudumia ni kitu kimoja na kufunga ni kitu kingine kabisa. Corolla AE100 Toyota waliacha kuitengeneza siku nyingi, lakini hakuna mtu wa Toyota aliyekuja usiku kuchukua funguo za watu, zinatembea, spea mnahangaika nazo wenyewe, basi.

Angalia hata Windows 10. Microsoft waliitoa 2015, tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuitolea viraka vya usalama, yale marekebisho ya kuziba mianya. Watu wamelalamika na wana haki, maana Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi ambazo bado nzima, kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, inataka na kijichipu cha usalama, na sisi wa kompyuta za mtumba ndo tunajua tunachonunua. Lakini angalau tarehe ilijulikana mapema, na ukiiwasha leo inawaka. Halafu kuna huu mwaka mmoja wa viraka vya ziada: nchi za Umoja wa Ulaya wakapewa bure baada ya watetezi wa walaji wa kule kubana, huku kwetu ulipe dola 30 au ukubali mipangilio ya kompyuta yako ikae kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Waliopiga kelele wamepata.

Mwanangu ananiambia hata kwenye gemu ni hivyo hivyo. Kuna gemu la magari linaitwa The Crew, la kampuni ya Ubisoft, lilitoka 2014, tarehe 31 Machi 2024 seva ikazimwa, na aliyelinunua hawezi kulicheza hata peke yake chumbani. Eti wachezaji wa Ulaya wakakusanya saini zaidi ya milioni 1 kutaka Umoja wa Ulaya uingilie. Nikacheka sana, gemu tu! Nikatupia jicho ile kompyuta ya kaunta nikaacha kucheka.

Wenzetu wameshaanza. California tangu Januari 2025 muuzaji wa vitu vya kidijitali haruhusiwi kuandika neno "nunua" kama hajakwambia wazi kwamba unapewa ruhusa tu ya kutumia na inaweza kuondolewa. Uingereza tangu Aprili 2024 anayeuza vifaa vya kuunganishwa na intaneti lazima aseme atavitolea marekebisho ya usalama mpaka lini. Na sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi, na tuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo mara nyingi tunaisikia kwenye bidhaa feki. Sasa naiuliza tume, "mpaka wajukuu" ni nini kama siyo kupotosha?

Dawa ina tarehe ya mwisho, maziwa yana tarehe. Na programu iandikwe kwenye risiti kabla sijatoa hela, itahudumiwa mpaka mwaka gani. Na siku mkiamua kuizima tuachieni toleo la mwisho lisiloulizauliza seva, au walau tupeni njia ya kutoa orodha zetu hata kwenye Excel, maana madeni yale ni yangu siyo yenu.

Kwa sasa nimerudi kwenye kauntabuku, kwaya 3. Wiki iliyopita alikuja fundi mmoja muungwana kabisa, kalipwa saiti yake, akaniuliza mzee nadaiwa mifuko mingapi ya saruji. Nikamwambia sema wewe. Akafikiria, akasema saba. Mi nakumbuka kama kumi na moja hivi. Nikachukua hela ya saba.

Muuza vifaa vya ujenzi,
Morogoro