Barua kutoka mwisho wa reli

Swahiba, mambo vipi huko Dar?

Voice yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa Kibirizi, hapa Kigoma, ufukweni na bisibisi mkononi, samahani sikujibu siku ileile maana nilijua nikikurupuka ntakupa yale maneno ya usikate tamaa Mungu ana mpango wake, ambayo mimi mwenyewe yalikuwa yananikera nilipokuwa na hali kama yako. Umesema unaamka, unaenda job, unarudi, na hujui yote hayo ni ya nini. Nakuelewa kaka.

Unakumbuka nilivyorudi? Nilishuka stesheni na begi moja na cheti cha umeme kwenye bahasha, nyie mkawa mnanitania eti nimerudi mwisho wa reli, nikacheka lakini moyoni nikaona ndo mwisho wangu kweli. Miezi mitano hivi nalala mpaka saa nne, mama ananipita anaenda kuanika dagaa, hasemi kitu. Bora angenisema.

Kilichoninyanyua ukikisikia utacheka. Kuna mzee mvuvi jirani alikuja jioni na taa yake imekufa, na we unajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata mwanga, taa ikigoma unabaki nchi kavu. Akasema we si ulisoma umeme, hebu icheki hii. Wala hakubembeleza. Nikaifungua, waya pale unapoingia kwenye betri umeliwa na kutu mpaka umekuwa kijani, nikakata, nikakwangua, nikaunga kwa risasi, dakika ishirini tu. Akaondoka hata asante hamna. Usiku nikatoka nje, unajua ziwa linavyokuwa, mataa kama mji umehamia majini, nikakaa pale naangalia nikitafuta ipi ni yangu. Nilikaa sana.

Kesho yake wakaja wawili.

Unajua nini kinatuharibu, ni hizi stori za watu waliojua tangu utotoni. Hapa kwetu tumekua na Jane Goodall, yule mzungu mtafiti wa sokwe, kafika Gombe 1960 ana miaka 26, hana digrii, ila Afrika na wanyama alikuwa anaviota tangu mtoto, na mpaka anafariki 2025 ana miaka 91 bado alikuwa anazunguka dunia kwa kazi ileile. Namheshimu sana yule mama. Lakini sisi wengine hatujawahi kuota kitu kwa kweli, mi umeme nilisoma sababu ndo nafasi iliyokuwepo, sasa ukisubiri ndoto ya hivyo utasubiri mpaka mvi.

Na usidhani nimeshafika. 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya wa nane, samaki wazaliane, taa zikaisha nikarudi kulala mpaka saa nne vilevile. Ile hali ilikuwa inanisubiri tu mlangoni. Niliogopa bwana. Mpaka wiki ya mwisho kabla ya kufungua, wakaja na mataa yao yote yaliyokaa yakaoza, foleni mpaka kwenye vichanja vya mama, na mama akawapangia zamu kama nesi.

Kwa hiyo sikwambii uache kazi uje huku. Ila nilitaka kukuuliza, yule dogo wa mtaani kwenu uliyekuwa unamfundisha hesabu barazani jioni, mbona siku hizi humtaji? Maana ulikuwa ukimsimulia sauti inabadilika kabisa, mi nilikuwa naisikia.

Basi naishia hapa, leo giza na kuna taa mbili mezani lazima zitoke kabla ya magharibi. Nimekufungia dagaa kilo mbili, wa kichanja sio wa mchangani, kachambua mama mwenyewe. Ntawapa watu wa basi, kesho kutwa washa simu.