Barua ya wazi kwa walimu washauri: ninyi mnashauriwa na nani?

Wanangu walimu washauri, mnaowaelekeza wanafunzi kuhusu masomo na kazi, marahaba.

Chaki nilishaiweka chini, lakini msimu wa Selform, fomu ya mwanafunzi kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, ukifika simu hailali. Juzi mmoja wenu kanipigia saa tatu usiku: binti anataka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), baba kashikilia PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa kuwa anataka daktari nyumbani, mwalimu yuko katikati. Kazi anaijua vizuri tu. Alichokosa ni mwenzake wa kumuuliza, mpaka amtafute mstaafu Morogoro!

Wengi wenu kazi hii mlipewa kwa barua ya mkuu wa shule, juu ya vipindi vilevile. Na mambo hayajasubiri. Tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, zilikuwa 16. Mwaka 2024 zikafika 65, zikaingia za michezo, muziki, hata Kichina. Aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) enzi zetu atamwambia nini mtoto anayeuliza kuhusu hizo? Atabahatisha, na mtoto ataishi na bahati nasibu hiyo.

Kwa hiyo nawaomba muanze na kikao. Walimu washauri wa shule za kata moja, mara moja kwa mwezi, kila mmoja aje na shauri moja lililomshinda, bila kumtaja mwanafunzi. Wenzake wamuulize maswali kwanza, ushauri baadaye. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kujibu kabla swali halijaisha. Ndipo utakaposikia kwamba kijana wa shule jirani alikwama kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu HESLB kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa mapema RITA, wanakosajili vizazi na vifo, nawe kesho yake ukawakumbushe wa kwako. Najua mtauliza posho. Hakuna.

Halafu tokeni ofisini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na hadi leo wapo washauri wanaoitaja kama pa kupeleka waliofeli, wala hawajawahi kukanyaga karakana yake. Nenda siku ya likizo, ukae na mkufunzi wa umeme wa magari. Muulize vijana wake wakimaliza wanachukuliwa na nani, miezi ya mwanzo wanalipwa au wanafanyia nauli tu, boksi la spana ni la gereji au la kijana mwenyewe, msichana akiingia anapewa gari afungue au anatumwa chai. Majibu yaandike kwenye daftari. Siku mzazi atakapokuja juu kwamba mwanawe hawezi kuwa fundi, utamfungulia ukurasa badala ya kubishana naye.

Wakuu wa shule, kwenu sina maneno mengi: mpunguzieni mwalimu huyu vipindi, na mpeni chumba chenye mlango unaofungwa. Mtoto hawezi kusema habari za baba yake mbele ya ofisi nzima ya walimu.

Mkipanga kikao cha kwanza, nijulisheni. Nauli nitajitegemea, ila chai iwepo.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Morogoro