Treni ya Agawa isiwe ya watalii tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee ile treni ya Agawa Canyon, yaani bonde la Agawa, inayotoka Sault Ste. Marie kule Ontario, Kanada, maana kila msimu wa majani kupukutika ukifika watu wanaposti picha weee, ila kuna jambo kubwa linasahaulika.

Uzuri upo, tena sana. Unaondoka asubuhi saa mbili, unapanda kaskazini kilomita 183 hivi, maziwa, miamba, misitu ile ya mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, afu unavuka lile daraja la Montreal River, juu kama mita 40, ukichungulia chini roho inaruka. Halafu kwenye maili ya 102 treni inaanza kuteremka taratibu, maili kumi nzima, mpaka chini kabisa kwenye bonde. Hapo wanawapa saa moja na nusu. Mimi nilikimbilia zile ngazi za kupandia kileleni, zinapita mia tatu, nikafika juu nahema, nikaangalia kidogo mto na reli huko chini, nikashuka mbio nikaone maporomoko ya Bridal Veil, na muda ukawa umeisha. Saa kumi na mbili jioni mko mjini.

Sasa jamani, Lawren Harris, J.E.H. MacDonald na wenzao, wale wachoraji waliokuja kuitwa Group of Seven, walienda huko huko kuanzia 1918, lakini wao hawakupewa saa moja na nusu. Shirika la reli liliwapa behewa la mizigo lenye jiko na vitanda, linaachwa kando ya reli, wanakaa siku kadhaa wakichora, afu treni nyingine inapita inalivuta mbele. Picha zile zinazopendwa Kanada nzima zimepatikana kwa sababu treni ilikubali kumshusha mtu porini ikamwacha.

Na treni ya hivyo ilikuwepo mpaka juzi juzi tu! Ile ya abiria iliyokuwa inaenda mpaka mji wa Hearst, kilomita 476, ilikuwa inasimama popote unapotaka, mtu anashuka na mtumbwi wake, mwingine na magunia ya chakula anaenda kwenye nyumba yake ya mbao ziwani ambako barabara ya maana hakuna. Serikali kuu ikasitisha ruzuku, na 2015 treni ikasimama. Ya watalii ikabaki.

Mi hilo linaniuma kwa kweli. Yaani mgeni anayekaa dakika 90 ana treni, mwenye nyumba yake huko msituni hana. Najua watasema abiria walikuwa wachache, sawa, lakini reli ipo, na barabara inajengwa hata kwa vijiji vidogo bila mtu kuuliza imeingiza faida gani.

Watu wa Missanabie Cree, wenyeji wa asili ambao ardhi hiyo ni ya mababu zao, walijitokeza kutaka kuiendesha wenyewe, wakaipa jina Mask-wa Oo-ta-ban, treni ya dubu. Mhariri, mkiandika tena habari za majani mekundu naomba muwatafute hao muwaulize wamekwama wapi na wanahitaji nini.

Msomaji wenu, mpenda treni