Mbwa dume anayekamua bila kutoa mkojo asilazwe hadi kesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenzangu tunaofuga mbwa wa ulinzi jambo ambalo kutolijua kwangu kulimuua mbwa wangu mwaka jana, hapa Morogoro. Alikuwa dume la miaka saba. Jumatatu alianza kuinua mguu kila penye nguzo na kila penye tairi, nami nikadhani anaweka alama zake kama wafanyavyo madume. Jumanne alichuchumaa kama jike, akakunja mgongo na kukamua kwa muda mrefu, yakatoka matone mawili matatu yenye damu. Tukaamini amefunga choo, na kwenye duka la dawa tukauziwa dawa ya kulainisha tumbo. Jumatano usiku alianza kutapika, na alfajiri tulipomfikisha kwa daktari wa mifugo, tumbo lake la chini lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Mchana haukumkuta hai.

Daktari alinieleza kwamba mrija wa mkojo wa dume ni mrefu na mwembamba kuliko wa jike, tena hupita kwenye mfereji wa mfupa ulio ndani ya uume, mahali ambapo hauwezi kutanuka. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kikitoka kwenye kibofu hukwama nyuma tu ya mfupa huo, na mkojo ukakosa pa kupita. Kibofu huweza kupasuka. Kisipopasuka, figo hushindwa kusafisha damu, madini ya potasiamu huzidi mwilini, na moyo husimama, yote hayo ndani ya siku chache. Mbwa anayewahishwa hupewa dawa ya usingizi, akapitishiwa mpira mwembamba kwenye mrija wa mkojo, na kijiwe kikasukumwa kwa maji ya chumvi kirudi kibofuni, kisha kikatolewa kwa upasuaji hali yake ikishatulia. Kinachouma ni kwamba siku ya Jumanne hayo yote yalikuwa bado yanawezekana.

Si kila tatizo la mkojo ni kijiwe. Dume mtu mzima ambaye hajahasiwa mara nyingi huvimba tezi dume, akapata shida ya choo na kudondosha damu hata asipokojoa, na kumhasi huifanya tezi hiyo inywee ndani ya wiki chache. Wale wanaozurura mitaani huambukizana uvimbe wa sehemu za siri wakati wa kupandana, na uvimbe huo hutibika kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani. Mbwa anayetoa mkojo vizuri lakini una damu, au anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi, apelekwe ndani ya siku moja. Yule anayekamua na hakitoki kitu, au yanatoka matone tu, apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Tusimpe diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu iliyobaki kabatini, kwa sababu itaziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa, na tusimminye tumbo tukidhani tunamsaidia. Anayefagia banda avae glavu, maana mkojo wa mbwa unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ule ule uliowapata watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022.

Ombi langu ni kwa maofisa mifugo wa kata. Kila mnapotuita kuleta mbwa kwenye chanjo ya kichaa, tunapanga foleni ndefu na tunasubiri kwa saa nzima au zaidi. Tumieni dakika tano za foleni hiyo kutuonyesha, kwa mbwa aliye mbele yenu, kibofu kiko wapi na kikijaa kinashikika vipi, na mtupatie namba ya simu ya daktari anayepatikana usiku.

Mfugaji,
Morogoro