Uchawi bila masharti hauchekeshi

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Salaam nyingi. Huku kwetu wote wazima, mama anakusalimu na anasema machungwa ya Muheza uliyomwahidi bado anayasubiri. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na yule jogoo. Kwa hiyo projekta umepata, shuka jeupe unalo, ukuta wa kwa bibi unatazama uwanjani, na watoto wa mtaa wako likizo. Unataka sinema za mambo ya ajabu lakini za kuchekesha, zisizo na ngumi wala bunduki. Nimeanza kukujibu kwa simu, vidole vikachoka, ndiyo maana unapata barua.

Anza na Georges Méliès. Najua utaniambia filamu ya 1902, tena haina sauti, watoto wataikimbia. Hawataikimbia. Huyu alikuwa mwanamazingaombwe wa Paris, na mwaka 1888 alinunua ukumbi mzima wa mazingaombwe, Théâtre Robert-Houdin. Desemba 1895 alikuwamo ukumbini akina Lumière walipoonyesha picha zao zinazotembea. Akataka kununua mashine yao, wakamkatalia. Akaenda kutafuta mashine nyingine London kwa Robert Paul, kisha akajitengenezea kamera.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa akipiga picha Place de l'Opéra, mkanda ukakwama. Alipoukwamua, magari na watu walikwisha kusogea. Alipokuja kuitazama ile filamu, basi la farasi liligeuka gari la maiti mbele ya macho yake. Iwe kweli, iwe chumvi ya mwanamazingaombwe, hila yenyewe ilifanya kazi: simamisha kamera, toa kitu, weka kingine, endelea. Mwaka 1896 akampoteza mwanamke aliyekaa kitini, na alipojaribu kumrudisha ikatokea mifupa mitupu. Mwanamke huyo, Jehanne d'Alcy, miaka mingi baadaye alikuja kuwa mkewe.

Sasa nisikilize hapa, maana barua yote inasimama juu ya jambo hili. Hila ile ina sharti: kamera ikisimama, kila anayebaki mbele yake asitikisike hata kidole. Akitikisika, uchawi umeonekana. Uchawi wa sinema ni kama wa mganga, bila masharti haufanyi kazi, na kicheko chote kimo kwenye masharti. Tazama ile ya 1901 ambapo Méliès anaweka kichwa chake mwenyewe mezani na kukipuliza kwa kiriba kama mpira. Kichwa kinakua, kinakua, msaidizi mjinga anapokezana naye kiriba, anapuliza kupita kiasi, kinapasuka. Kukikuza, Méliès alikaa kwenye kiti juu ya reli iliyoinuka akavutwa kuelekea kamera, huku kitambaa cheusi kimeficha mwili wote. Basi. Ukimweleza mtoto siri hiyo ataomba arudishiwe filamu aione tena, na hapo utakuwa umempata.

Safari ya mwezini ya 1902 haifiki robo saa. Wataalamu wa anga wamevaa kofia za wachawi, wanabishana, wanatupiana karatasi, halafu wanafungiwa ndani ya kombora na kupigwa kwa mzinga hadi kwenye jicho la mwezi. Mwezi una uso wa mtu, na unakasirika kwa haki kabisa. Huko juu mzee anachomeka mwavuli wake ardhini, unageuka uyoga. Wenyeji wa mwezi ni wanasarakasi wa Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, wanabinuka huku na huku, na ukiwagonga kwa mwavuli wanapasuka wakawa moshi. Kurudi duniani ni rahisi kuliko yote: kombora linavutwa kwa kamba kutoka ukingoni mwa mwezi, linaanguka baharini. Nani atabisha? Tafuta nakala yenye rangi. Zamani rangi zilipakwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na nakala iliyopatikana Hispania ikafufuliwa kwa kazi ya miaka, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2011.

Marekani watu wa Edison waliirudufu filamu hiyo na kuiuza bila kumlipa Méliès, kwa hiyo wanaouza kopi Kariakoo wasidhani ni wao walioanza. Alitengeneza filamu kama 500. Mwishowe alifilisika, mwaka 1923 akachoma mwenyewe negativu zilizobaki, kisha yeye na Jehanne wakawa wanauza pipi na wanasesere katika kituo cha treni cha Montparnasse. Hili usiwaambie watoto siku ya kwanza.

Najua pia utakalouliza: bila sauti wataelewaje? Filamu hizo kwa kawaida hazikuonyeshwa kimya. Mara nyingi palikuwa na piano, na mara nyingi palikuwa na mtu amesimama kando ya pazia akisimulia. Japani wasimulizi hao waliitwa benshi, na wengine walivuta watu kuliko hata waigizaji. Sisi tuliokulia kibanda umiza, tukimsikia Lufufu, msimulizi wetu wa filamu, akimpa steringi wa Hong Kong maneno ambayo mwenyewe hakuyajua, tuelezwe nini tena? Wakenya nao wana DJ Afro wao. Na wewe bwenini taa zikizimwa ulikuwa unamwiga Lufufu mpaka mlezi anakuja na fimbo. Kazi hiyo ni yako. Shika kipaza sauti, mpe mwezi maneno ya Kidigo akilichomoa lile kombora jichoni.

Baada ya Méliès weka filamu ya hoteli ya umeme ya Segundo de Chomón, ya 1908. Ni fupi sana. Wageni wanabonyeza kitufe, mabegi yanajipanga yenyewe, brashi zinapiga viatu rangi bila mkono wa mtu. Kisha fundi mitambo aliyelewa anavuruga swichi, hoteli nzima inakuwa kichaa. Hapo husemi kitu, wataongea wao.

Wa tatu ni Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani, na huyu mpe usiku wake peke yake. Alizaliwa Oktoba 1895, miezi michache kabla ya lile onyesho la akina Lumière, na ukitazama *Sherlock Jr.* ya 1924 utadhani walipanga. Anacheza mwonyesha sinema maskini anayesinzia kando ya mashine yake. Roho yake inatoka mwilini, inashuka ukumbini na kuingia ndani ya pazia. Filamu haimtaki. Anataka kuketi, mandhari yanabadilika, anaangukia barabarani. Anatembea, kumbe yuko ukingoni mwa jabali. Mara simba wamemzunguka, mara jangwani treni inampitia karibu, mara amesimama kwenye mwamba baharini. Anapiga mbizi, anadidimia kichwa kwenye theluji. Uso wake haubadiliki hata kidogo. Ili kila mkato ukae sawa, walipima umbali kati yake na kamera kwa vifaa vya wapima ardhi, asimame palepale aliposimama kabla. Sharti lilelile la Méliès, ila mara hii Keaton anatembea nalo.

Katika filamu hiyohiyo ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yanamshukia kwa nguvu, anabamizwa chini. Akaumwa kichwa siku kadhaa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari akaona kwenye picha ya eksirei kwamba shingo iliwahi kuvunjika. Wasimulie baada ya filamu, si kabla, la sivyo hawatacheka.

Zenye sauti nakutajia haraka. *Mr. India* ya 1987 huhitaji kuhubiriwa, ukanda wote wa pwani umelelewa na sinema za Kihindi. Lakini safari hii mtazame Anil Kapoor kwa jicho la masharti: saa ya mkononi inamfanya asionekane, ila kwenye mwanga mwekundu anaonekana. Toa ule mwanga mwekundu, hakuna filamu, kuna mtu anayeshinda tu. *Paddington 2* ya 2017 kwa wadogo: dubu anaishi London, anaongea kwa adabu kuliko binadamu wote, na hakuna anayeshangaa kwamba ni dubu.

Watoto wakishalala, wewe na shemeji tazameni *Groundhog Day* ya 1993. Bill Murray anaamka siku ileile, saa kumi na mbili asubuhi, wimbo uleule redioni, tena na tena. Hakuna maelezo kwa nini. Rasimu mojawapo ilikuwa na laana ya mpenzi aliyeachwa, wakaiondoa, wakafanya vizuri. Sharti halidaiwi sababu. Kisha *The Purple Rose of Cairo* ya 1985, ambayo ni Keaton aliyegeuzwa: mhusika anatoka kwenye pazia na kumfuata mwanamke ukumbini, wenzake wanabaki ndani wakigombana kwa kuwa hadithi imesimama. Mgahawani analipa kwa pesa za maigizo. Akimbusu mwanamke anashangaa mbona picha haififii. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hizi za miaka ya karibuni ambazo kompyuta inajenga miji na mazimwi kwa maelfu, shemeji yako wa huku anazipenda, mimi nasinzia. Kila kitu kinawezekana, basi hakuna cha kuniinua kitini. Usimwambie.

Za zamani zote ninazo, nazitia kwenye flashi nampa shangazi, anakuja huko Ijumaa. Mwambie fundi wako aangalie kasi: filamu za kale zilipigwa kwa kuzungusha mkono, zikionyeshwa kwa kasi ya leo watu hukimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Na kipaza sauti usimpe Mwinyi hata akilia. Yule anataja mwisho.

Wako,
Idi