Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi vibao vya Ngosi

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima inayostahili cheo chako, na nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini zilipigwa mhuri wa kupokelewa na safari yake ikaishia hapo. Sitaji jina lako wala ofisi yako. Unajijua, na wenzangu wa Isongole waliokusikiliza siku ile ya mkutano wanakujua.

Siku ile ulisema njia ya Ziwa Ngosi itawekewa vibao, alama kwenye miti, na ngazi za magogo pale panapoteleza. Ukasema kazi itakamilika kabla maua ya hifadhi ya Kitulo hayajachanua, kwa sababu wageni wanaokuja kutazama maua ndio hao hao wanaopitia Ngosi. Tulikupigia makofi. Mimi binafsi nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba safari hii tumepata mtu. Maua yalichanua, yakapukutika, yakachanua tena, na njia iko vile vile ulivyoiacha. Hapana, nisiseme uongo: imezidi kuharibika.

Wiki iliyopita yametokea yale tuliyokuonya. Mama mmoja, mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuja na watoto wake wakubwa. Walilipa kiingilio kama walivyotakiwa, wakaambiwa njia ni moja tu, wasikunje popote. Mheshimiwa, njia si moja. Ukishamaliza mashamba ya viazi na kuingia msituni, kuna mahali inagawanyika. Inayokwenda ukingoni mwa ziwa ni nyembamba, imefunikwa na majani. Ile nyingine imekanyagwa na wapasua mbao na wakata mianzi, ni pana, inapendeza macho, na mgeni yeyote mwenye akili timamu ataifuata hiyo. Waliifuata. Ukungu ukashuka, mvua ya kwanza ikanyesha, wakajikuta kwenye korongo. Mama akateleza, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Mtandao wa simu mle msituni unakamata sehemu chache. Kijana wake alipanda na kushuka mpaka akaupata, akapiga namba iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Mwishowe akampigia bodaboda aliyewaleta, na bodaboda akanipigia mimi, muongoza wageni. Tulipanda usiku na vijana wa kijijini, kwa tochi za simu, tukakata mianzi miwili na kufunga vitenge kutengeneza machela. Anayedhani kubeba mtu mzima kwenye mteremko wa tope gizani ni jambo dogo, namkaribisha ajaribu. Yule mama hakulia. Alikuwa akituomba radhi njia nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Tulifika barabarani alfajiri, na tulipomvua koti lililolowa, stakabadhi ya kiingilio ilikuwa mfukoni, maandishi yake bado yanasomeka.

Siku iliyofuata niliitwa kuhojiwa. Niliulizwa kwa nini wageni wanapanda bila muongozaji. Niliulizwa mimi, ninayelala njaa wageni wasiponichukua! Sikuulizwa kibao kiko wapi.

Sasa nikueleze hali ya njia yenyewe, maana nina shaka kama waliokuletea taarifa waliwahi kufika juu. Ngosi ni ziwa la kreta, lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, limekaa ndani ya mlima uliolipuka na kubomoka zamani, na halina mto unaotoka. Ukingoni unasimama zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mbele yako ukuta unashuka wima karibu mita 200 hadi majini. Hakuna uzio wala kamba, hakuna hata neno moja la onyo. Wageni wanasogea kupiga picha na mimi nawashika mashati kwa nyuma. Wapo wanaong'ang'ania kushuka mpaka kwenye maji, na kule mtu anashikilia mizizi. Mizizi yenyewe imeshachakaa kwa kushikwashikwa.

Kwa nini njia inazidi kuharibika? Mimi si mtaalamu, nasema ninavyoona. Mashamba ya viazi yamepanda hadi kugusa msitu, maji ya mvua hayana pa kutulia, yanaifanya njia kuwa mfereji. Pikipiki za kubebea mbao na mianzi zinachimba tope. Watu wanakwepa tope, wanafungua njia ya pembeni, na ya pembeni nayo inageuka mfereji. Pengine kuna sababu nyingine, lakini hizi ninazikanyaga kila siku. Na udongo wa milima yetu si wa kuchezea. Tarehe 14 Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka Itezi, hapo Mbeya mjini, likafukia nyumba na shule. Hakuna mtu wa huku anayehitaji kufundishwa mteremko uliovuliwa miti unafanya nini mvua ikikaza.

Usidhani naililia Ngosi peke yake. Mlima Rungwe una karibu mita 2,960, umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, na ndiko alikoonekana kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wawindaji wa huku walimjua kabla wanasayansi hawajamjua. Watu wanaupanda kutokea Isongole, kutokea Kagera ya huku kwetu, kutokea Rungwe Misheni, na upande wa kusini mashariki mvua inafika milimita 3,000 kwa mwaka. Ndani ya mianzi ya Rungwe ukungu ukishuka, hata mimi niliyezaliwa chini yake nasimama nasubiri. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na mgeni anayetaka kupanda Mtorwi, mrefu kuliko Rungwe kwa takriban mita moja, ataulizia kwa wachungaji. Mlima Loleza una afadhali kwa sababu ya minara ya mawasiliano, wahudumu wake wanaitunza njia. Na kule Songwe kwenye mawe ya chokaa, malori ya kiwanda yana barabara, lakini mtu anayetafuta mapango ya popo anaulizia nyumba hadi nyumba.

Tuliposikia mradi mkubwa wa kukuza utalii wa kusini, ule wa dola milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, tulifurahi. Baadaye tukaelewa kwamba hifadhi zilizolengwa ni Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Selous. Sina kinyongo na Ruaha. Ila sisi wa Mbeya tulibaki na maneno yale yale ya kwamba nyanda za juu kusini zina vivutio vingi. Vivutio tunavijua, Mheshimiwa, tunaishi navyo. Tunachoomba ni mtu avifikie na arudi salama.

Kiingilio kinakusanywa kila siku ambayo mgeni anakanyaga pale. Siombi kujua fedha inakwenda wapi, ingawa wanakijiji wanaokesha kubeba majeruhi wana haki ya kuuliza. Nauliza kitu kidogo zaidi: kibao kimoja cha mbao kinagharimu nini?

Nimekuwa nikifyeka njia ile kwa panga langu, kwa mikono yangu na ya vijana wawili ninaowalipa kwa viazi. Magoti yameanza kukataa. Kundi lililokuwa limeniahidi kuja kutoka Dar es Salaam limeghairi baada ya habari za yule mama kuenea, na siwalaumu, mimi pia nisingewaleta watoto wangu. Ada ya shule nilikuwa nimeitegemea hapo. Tulipotaka kupaka alama za rangi kwenye miti na mawe kwa gharama zetu, tulikatazwa: huo ni msitu wa hifadhi, ukiuchora bila kibali umevunja sheria. Tukatii. Tukaandika kuomba kibali. Barua hiyo nayo ina mhuri wako wa kupokelewa, nakala ninayo.

Nilikusudia kuomba ngazi, machela ya kweli, namba ya dharura inayopokelewa, mafunzo ya huduma ya kwanza kwa waongozaji, uzio pale ukingoni. Vyote vinahitajika na wewe mwenyewe uliviahidi kwa kinywa chako. Lakini Novemba imekaribia, na mvua ya huku ikianza haitupi nafasi hadi Mei.

Kwa hiyo naomba kibali tu. Karatasi moja yenye saini yako, inayoturuhusu kusimika vibao na kupaka alama: kwenye maegesho, kwenye mgawanyiko wa njia msituni, juu ya korongo lile, na ukingoni kabla ya mteremko wa ziwa. Nguzo tutachonga wenyewe, rangi tutachangishana, mashimo tutachimba. Hutatoa hata shilingi. Saini, Mheshimiwa, kabla mvua haijakaza. Nitakuja kuichukua mwenyewe Jumatatu asubuhi, na nitakaa pale kwenye benchi la nje hadi niitwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muongoza wageni wa mlimani,
Isongole, Wilaya ya Rungwe, Mbeya