Wazee nao wana chanjo zao

Mhariri,

Hapa Dar es Salaam, ikitajwa chanjo watu humfikiria mtoto mgongoni. Babu mwenye kisukari hakumbukwi, ilhali kinga ya mwili huchakaa kadiri umri unavyosogea.

Tuanze na pepopunda, maana wazee wetu hawaachi jembe wala kukanyaga misumari. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa anahitaji dozi 3: ya pili angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 hadi 12 baadaye. Wengi huchomwa ya kwanza siku ya jeraha. Kidonda kikipona, kadi inafungiwa maandazi. Dozi moja haitoshi.

Ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na kinga huchukua wiki 2 hivi kujengeka. Ya nimonia si ya kila mwaka.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie muuguzi mapema: sindano iwe nyembamba, kisha pamba ikandamizwe dakika 2 bila kusugua. Kusugua huko tumekuzoea mno! Na chanjo hizi hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikiganda barafu zimeharibika, hata zikiyeyuka.

Wauguzi wa chanjo,
Dar es Salaam